Neno Moja la Kitubio

Kanisa liliheshimu ndoa ya kwanza ya baba yangu kuliko baba mwenyewe. Nasema hivi nikiwa Mkatoliki, mwalimu wa dini, mtu wa kwenda misa hata siku ambazo si lazima, kwa hiyo nisamehewe kama kauli yangu ina ukali.

Baba alizaliwa Muyinga, Mwislamu kwa baba na kwa mama. Alipokuwa kijana shehe alimfungisha ndoa na msichana wa Buhinyuza, kule karibu na mpaka wa Tanzania. Ndoa ile haikukaa. Baba alitoa talaka, shehe akakubali, wazee wa pande zote mbili wakanywa chai yao, na yule msichana akaolewa na mtu mwingine akamzalia watoto. Wote wakasahau. Aliyekumbuka alikuwa mmoja tu, na huyo ni Kanisa Katoliki.

Baba alihamia Gitega, mtaa wa Nyamugari, akaweka cherehani kwenye baraza ya nyumba ya kupanga. Hapo ndipo mama alipomkuta. Alikuwa ametembea kutoka Bugendana na kitenge kichwani, anataka gauni la kuimbia kwaya. Baba alimpima, akakosea vipimo, akamwambia arudi. Mama akarudi, vipimo vikakosewa tena. Fundi ambaye hakuwahi kukosea gauni la mtu mwingine yeyote! Mama alipenda sana kuisimulia hadithi hiyo, na baba hakuchoka kuikana.

Walikwenda pamoja kwa padri kuomba ruhusa. Mkatoliki anaweza kufunga ndoa na Mwislamu. Kuna kibali cha askofu kwa ajili hiyo, na mama alikuwa ameulizia mapema. Lakini padri alikuwa na maswali yake. Akamuuliza baba kama aliwahi kuoa. Baba angesema hapana, yangekwisha. Nani angefunga safari hadi Buhinyuza kuchunguza habari za fundi cherehani? Ila baba hakuona ubaya wowote katika swali lile. Kwake talaka ilikuwa talaka. Akajibu kwa uchangamfu, kwa Kiswahili chetu cha Gitega kilichochanganyika na Kifaransa, "Ndiyo, Padiri, mais hiyo ilikwisha zamani." Padri akaweka kalamu chini.

Nimeifundisha sheria hiyo mwenyewe, naijua vizuri. Waislamu wawili wakioana, Kanisa linasema wameoana kweli, na talaka ya shehe haiwezi kufuta kitu. Kwa hiyo baba alikuwa na mke, na mke huyo alikuwa Buhinyuza akimpikia mume mwingine. Baba alitoka pale amechanganyikiwa. Alimwambia mama kwamba hajawahi kuona msikiti wake ukiheshimiwa namna ile, na wa kuuheshimu awe padri.

Wakaoana komini, kwenye ofisi ya serikali, mbele ya bendera. Kuanzia siku hiyo mama hakuruhusiwa kupokea komunyo.

Hakuacha kwenda misa. Jumapili baba alimsindikiza hadi kwenye lango la kanisa, akamshikia mwavuli kama kuna mvua, kisha akarudi kwenye cherehani yake. Mama aliimba kuliko wote. Ukifika wakati wa kupokea, watu wa benchi lake walisimama, naye akasogeza magoti pembeni wapite. Mimi nilibatizwa kwa ridhaa ya baba, nikiwa mtoto wao wa pekee. Majirani wa Nyamugari walimsema sana kwa hilo, wengine hadi leo wananitazama kama mali iliyopotea. Yeye aliwajibu, "Mtoto aende na mamake. Mi nitawaombea wote wawili, Mungu haiko kiziwi."

Na kila mwaka, majuma machache kabla ya komunyo ya kwanza ya watoto wa parokia, baraza yetu ilijaa vitambaa vyeupe. Gauni za wasichana zilikuwa kazi ya baba. Kina mama ambao kanisani walikaa mbali na mama yangu, wasije wakaonekana wanaunga mkono maisha yake, walikuja nyumbani kwetu na mabinti zao wapimwe, wakanywa chai ya mama, wakamsifu mumewe kwa pindo zuri. Mama alizipiga pasi gauni zile moja moja. Hakuniruhusu mimi kuzigusa, alisema mikono yangu ina haraka.

Watu huniuliza kwa nini sikuliacha Kanisa. Nalipenda. Napenda jinsi watu wa kilima kizima wanavyopiga magoti kwa pamoja, na napenda kuamini kwamba Mungu anakubali kuwa mkate. Hata fundisho la ndoa naliamini, kwamba ni moja na haivunjwi. Tabu yangu ni kwamba nililiona nyumbani kwetu kabla sijalisoma. Katika ndoa zote nilizozifahamu Gitega, ile ambayo haikuhesabiwa ndiyo iliyokuwa haivunjiki. Nilipoanza kufundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, nilikuwa nikifika kwenye somo la ndoa nalisoma haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai.

Padri mmoja kijana alijaribu kutusaidia. Alisema njia iko, inapitia Roma. Aliandika, faili likaenda, kisha yeye akahamishwa na faili likanyamaza. Mama hakulalamika. Alisema Roma ni mbali, pengine bado liko njiani.

Baba alikufa msimu wa mvua, bila kuumwa sana, akiwa na sindano kwenye ukosi wa shati kama kawaida yake. Waislamu wa Nyamugari walimwosha na kumzika siku hiyo hiyo. Mama kwa kuwa ni mwanamke hakwenda makaburini. Alikaa sebuleni kwenye mkeka, kitenge kimefunika kichwa, na mimi nikakaa nyuma yake nimshike asianguke.

Siku iliyofuata aliingia mwanamke mmoja mrefu, mzee, mwenye ushungi wa kijani. Hakuna aliyemjua. Akavua viatu, akaketi karibu na mama, akajitambulisha. Alikuwa ametoka Buhinyuza.

Huyu ndiye mke wa baba yangu, kwa mujibu wa dini yangu. Kama tungefuata vitabu, mjane wa msiba ule alikuwa yeye, na mama alikuwa mgeni.

Alikuwa amekulia Tanzania, Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. "Pole sana, mwenzangu," alimwambia mama. "Mimi nilikaa naye muda mfupi mno, hata chai anayoipenda sikuijua. Nimekuja kukupa pole wewe, maana mume alikuwa wako." Mama akamwegemea begani akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Wake wawili wa mume mmoja, mmoja wa kwenye vitabu na mmoja wa kweli, na niliyetaka kukimbia chumbani nilikuwa mimi.

Kisha wakaja watu wetu. Katika parokia zetu kila mtaa una jumuiya yake ndogo ya kusali, inaitwa sahwanya, na ya kwetu ilikuwa imemwacha mama pembeni maisha yake yote ya ndoa, kwa adabu na bila ugomvi. Sasa walikuja wote, wamependeza, wana furaha ambayo walishindwa kuificha. Kiongozi wao, mwanamke mwema tu, alimshika mama mikono miwili. "Mama, tunakupa pole. Mais Mungu iko na namna yake. Sasa uko huru! Jumapili tutakuona mbele na wengine."

Mkeka ulikuwa bado umetandikwa. Harufu ya ubani bado iko kwenye mapazia. Mama alimwambia yule mwanamke, "Asante, dada," akauliza kama wameshapewa chai.

Lakini alilitaka jambo hilo. Lazima niseme wazi, maana bila hilo mtu anaweza kudhani mama alikuwa mkaidi tu. Alikuwa na njaa ya komunyo tangu ujana wake. Nilimsikia akiomba jikoni, akizungumza na Yesu kama mtu anayeuliza basi litafika lini. Kwa hiyo padri wa Gitega alipokuja nyumbani baada ya msiba, mama alivaa gauni lake zuri na kuketi wima kama mwanafunzi.

Padri yule alikuwa mpole. Sina neno baya juu yake, na ningependa kuwa nalo. Nilikuwa nawamiminia chai, akaeleza mbele yangu mambo yatakavyokwenda. "Mama, kizuizi hakipo tena. Kilichobaki ni kitubio. Utaungama kwamba uliishi na mwanaume nje ya ndoa ya Kanisa, utasema unajuta, nitakupa maondoleo, na Jumapili utapokea."

"Padiri," mama akasema, "nijute nini?"

"Miaka hiyo, mama. Maisha yale."

"Mi sikuwa na maisha mengine."

Padri akafikiri. Alitafuta mlango kwa bidii, nilimwona. "Basi sikiliza. Si lazima ujutie mapenzi yenu. Jutia tu kwamba hukulitii Kanisa. Hilo unaweza?"

Mama aliinamisha kichwa. Nilisimama na birika mkononi, namwombea aseme ndiyo. Sijawahi kuomba kwa nguvu namna ile.

"Padiri, kama yule mwanaume angekaa leo pale kwa baraza na cherehani yake, mi ningeenda naye tena komini. Saa hii hii. Donc nikikuambia niko najuta, nitakuwa nadanganya, na kudanganya kwa kitubio iko dhambi kuliko ile ya kwanza. Ni ninyi mulitufundisha."

Padri alisukuma kikombe chake pembeni. Mwishoni akasema, "Siwezi kukuondolea kitu usichokijutia, mama. Si kwamba sitaki."

"Najua, Padiri. Kunywa chai yako, itapoa."

Alipoondoka nilimfuata mama jikoni nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea mama yangu mjane. Nilimwambia ni neno moja tu, watu wanalisema kila Jumamosi bila hata kufikiri, wezi wanalisema, wanaopiga wake zao wanalisema na kesho yake wanapanga mstari wa kupokea. Aliseme tu, basi!

Aliniangalia huku akikata vitunguu. "Na weye ndiye mwalimu wa dini? Maskini watoto wa watu."

Haukupita muda mrefu miguu ikaanza kuvimba. Madaktari wakasema moyo umechoka. Nikamhamishia Muyinga, ambako nafundisha shule, na ambako Jumapili baada ya misa ya pili nawapelekea wagonjwa komunyo. Padri hunitilia hostia, ile mikate midogo ya komunyo, kwenye kikasha kidogo cha duara kulingana na wagonjwa nitakaowatembelea, nakivaa shingoni chini ya shuka, napita nyumba kwa nyumba kwa miguu. Sizungumzi na mtu njiani. Watu wananijua, wananipisha.

Muyinga hakuna aliyejua habari za mama. Kwa majirani alikuwa mama wa mwalimu, bibi mwenye rozari, anayejua nyimbo zote. Nikapita mitaani Jumapili baada ya Jumapili nikiwalisha watu wazima na vikongwe, wengine hata hawakumbuki jina la mtakatifu wao, kisha nikarudi nyumbani na kikasha kitupu, kwa mgonjwa aliyekuwa na njaa kuliko wote. Nilikuwa nikikiweka mezani naye anafanya ishara ya msalaba. Roho yangu ilichanika kila mara.

Siku moja padri wa Muyinga akaniuliza kwenye sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya misa, "Mwalimu, na mama yako mzazi? Mbona humpelekei?"

Nikajibu, "Aliongea na padiri wa Gitega kabla hatujaja." Hilo lilikuwa kweli. Nusu nyingine niliimeza.

"Basi leo nakuongezea moja," akasema, na akaiongeza.

Nilitembea na hostia ile mji mzima. Nilikuwa nimeshaamua. Niliwapa wagonjwa wangu, nikasali nao, na muda wote nikawa najibizana na Mungu kichwani. Nilimwambia kama kuna dhambi iwe yangu, aiandike kwangu. Nilimwambia yeye mwenyewe alikula na watu ambao hawakuulizwa kitu. Niliamini hivyo, na bado naamini hivyo, na kila nilichofundisha kilikuwa dhidi yangu.

Mama alikuwa ameegemea mito karibu na dirisha. Nilitandika kitambaa cheupe juu ya kiti, nikawasha mshumaa, nikaweka kikasha. Akaelewa papo hapo, kwa sababu siku nyingine zote kikasha kilikuwa kitupu na sikuwasha kitu.

"Padri wa hapa amenipa," nikasema. "Mama, pokea. Hakuna anayejua."

Alinyoosha mkono nikafikiri ananyoosha kupokea. Alinishika shavu. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Mwanangu, nilikaa nje kwa kuwa sikutaka kudanganya. Unataka niingie sasa kwa kudanganya, ndiyo nimalizie?"

"Mama, una njaa."

"Iko njaa kabisa," akasema. Machozi yakamtoka, na uso wake haukubadilika. "Mais iko ya haki. Niachie."

Nilipiga magoti pale nikalia. Nilikuwa nimekasirika kwa namna ambayo sijui kuieleza, nimekasirikia Kanisa, nimemkasirikia yeye, nimekasirikia mpaka yule shehe wa Buhinyuza. Na hostia ilikuwa mbele yetu. Kuirudisha parokiani kungeleta maswali, kuiacha nyumbani hakuruhusiwi. Mama alijua hayo yote. Aliijua kazi yangu kuliko mimi.

"Kula weye," akaniambia. "Mi nikuone."

Nikaishika kwa vidole viwili. Nikasema maneno ambayo kila Jumapili nawaambia wengine, "Mwili wa Kristo." Mama ndiye aliyeitika. Alisema "Amina" kwa sauti ile ile ya kwaya, nzito, bila kusitasita, nami nikala.

Alikufa siku chache baadaye, adhuhuri, nikiwa darasani. Jirani alikuja kuniita, na kwa jinsi alivyotembea taratibu nilijua hakuna haja ya kukimbia.

Misa ya kumzika ilijaa. Watu wa Muyinga wana moyo, walikuja kwa ajili yangu. Katika mahubiri padri alisema tusilie sana, maana mama huyu hakuondoka na njaa. Alimpokea Bwana wake mwishoni, tena kwa mkono wa mtoto wake mwenyewe, na ni wazazi wangapi wanapata baraka kama hiyo? Wanawake waliguna kwa kukubali. Mwanamke aliyeketi nyuma yangu alinipiga piga mgongoni kunipongeza. Niling'ang'ania benchi la mbele yangu kwa mikono yote miwili.

Tuliporudi kutoka makaburini watu walikwenda nyumbani kwangu kunawa mikono, kama desturi yetu ilivyo baada ya kuzika. Mimi nilimfuata padri sakristia. Alikuwa anakunja stola yake.

"Padiri, mama hakupokea. Niliila mimi."

Akaketi. Nikamweleza yote, ndoa ya Buhinyuza, bendera ya komini, faili la Roma, chai ya padri wa Gitega. Hakunikatiza. Nilitegemea anigombeze kwa ajili ya hostia, na kwa kweli nilitaka anigombeze. Alipangusa miwani yake kwa pindo la kanzu.

"Neno moja tu, mwalimu," akasema kwa huzuni. "Najuta. Angelisema, tungemlisha sote. Kwa nini lilimshinda?"

Swali lile lile nilikuwa nimemfokea nalo mama jikoni, na wakati ule nilidhani halina jibu.

"Kwa sababu dhambi aliyotakiwa kuijutia, Padiri, ni baba yangu," nikamwambia. "Na ni mimi."